Saa Niliyomtajia Mkunga

Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, saa nane mchana, nilimpoteza mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa wa kike. Alikuwa na vidole vyote, na nywele nyingi zilizolala utosini kwa maji, lakini hakulia. Alizaliwa kwenye zahanati yetu ya Ihanda, mikononi mwa mkunga ambaye hakuwa na kosa, na kwa miaka mitatu niliwaacha watu waseme kwamba kosa lilikuwa lake.

Nimesoma mpaka darasa la saba. Nitaandika kama yalivyotokea, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Mimi ni mzaliwa wa Ikinga, kule Ileje, nikaolewa huku Mbozi kwenye familia ya wakulima wa kahawa. Mume wangu alikuwa Tunduma, anapakia na kupakua mizigo kwenye malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi. Niliishi na mama mkwe. Ni mwanamke mwema, na nalisema hili mapema ili mtu asije akamhukumu kwa nitakayoyaeleza. Mimba ilipokuwa changa na baridi ya mwezi wa saba ilipokuwa inauma, alinipa blanketi lake zito, yeye akajifunika vitenge viwili.

Katika familia ile uchungu wa kuzaa hautangazwi. Mwanamke akianza kuumwa anamwambia mtu mmoja tu, na huyo mmoja anafunga mdomo. Wanaamini kwamba kila anayejua anaurefusha uchungu. Hata mume anaambiwa mtoto akishalia. Mama mkwe alizaa watoto saba kwa namna hiyo. Alikuwa akisimulia kwa fahari kwamba uchungu wa mimba moja ulimkuta shambani, akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, na majirani walijua amezaa waliposikia sauti ya mtoto.

Mimi uchungu ulinianza Jumapili, saa nne asubuhi, kanisani, wakati wa kutoa sadaka. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa kwenye mstari, na nilishindwa kuendelea kutembea. Nilishika mgongo wa benchi. Aliyekuwa nyuma yangu alidhani nimesahau sadaka yangu, akaninong'oneza nipite tu, Mungu anaelewa. Nilicheka kidogo, nikapita.

Nilimwambia mama mkwe tukiwa njiani. Alinishika mkono, akaangalia mbele na nyuma, akasema vizuri, twende polepole, usimwambie mtu. Jioni ile nilipika. Jumatatu nilishinda jikoni nimekaa kwenye kigoda, moshi machoni, na kila jirani aliyekuja kuomba chumvi au kuuliza habari aliambiwa nina mafua. Saa saba mchana chupa ya uzazi ilipasuka. Mama mkwe alimwaga majivu pale chini akafagia. Maji yale hayakuwa meupe. Niliyaona. Naye aliyaona.

Jumanne asubuhi aliona mwenyewe kwamba mambo hayaendi. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara imekuwa utelezi mtupu, hakuna pikipiki iliyokubali kupanda kilima cha kwenda zahanati, tukaenda kwa miguu, yeye amebeba beseni la vitu vyangu kichwani. Tulipofika kwenye geti la zahanati alisimama. Akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake.

"Ukiulizwa, sema umeanza leo alfajiri," alisema. "Ukisema Jumapili watakupakia kwenye gari wakakupasue."

Niliitikia. Binti wa jirani yetu alikuwa amepasuliwa mwaka uliotangulia, akarudi akiwa hawezi kuinua ndoo, na msimu mzima shamba lake lililimwa na wengine. Tuliogopa kisu. Ndiyo sababu, wala haikuwa nyingine.

Zahanati yetu haina daktari. Ina mkunga mmoja na mhudumu anayemsaidia kusafisha na kuchemsha vifaa. Yule mkunga wakati ule alikuwa na umri kama wa dada yangu mkubwa, mwembamba, kucha fupi kabisa, anavaa soksi za sufu ndani ya kandambili kwa ajili ya baridi. Wote tulimwita Sista. Alinipandisha kitandani, akanipima, akasema njia imefunguka nusu, akachukua ile karatasi yao yenye miraba miraba ambayo wanachora mstari wa jinsi uchungu unavyokwenda. Akafungua kalamu.

"Uchungu umeanza lini, mama?"

"Leo alfajiri."

"Saa ngapi hasa?"

Nilisema saa kumi na moja. Sijui kwa nini nilichagua hiyo. Aliiandika. Akauliza kuhusu chupa, nikasema imepasuka njiani. Naye akaandika. Akasema, kwa mtoto wa kwanza, unakwenda vizuri sana.

Nataka ieleweke alichofanya yule mwanamke siku ile. Kila nusu saa aliinama juu ya tumbo langu na kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, sikio lake upande mmoja, mimi upande wa pili, naye amefumba macho. Alinisugua mgongo. Alinipa uji wake mwenyewe kutoka kwenye chupa ya chai. Saa sita alisikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasikiliza tena, akatoka kwenda kupiga simu ya gari la wagonjwa. Gari lilikuwa linakuja. Mtoto akatangulia.

Alimpulizia pumzi kwa kimfuko cha mpira kinachobanwa kwa mkono. Sijui ni kwa muda gani, lakini mhudumu alimgusa bega mara ya kwanza hakuacha, na mara ya pili hakuacha. Alipoacha alimfunga mtoto kwenye khanga mpya niliyokuja nayo, akamleta kifuani kwangu. Kisha akapiga magoti pembeni ya kitanda, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sikuona mapema."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama, naye akatazama sakafu. Sikusema neno.

Mtoto asiyelia, kwa wakwe zangu, anazikwa na wanawake peke yao. Wanaume hawaendi. Hakuna matanga, hakuna kulia kwa sauti, hakuna mtu anayekuja kukaa nawe. Walimzika nyuma ya nyumba, pale migomba inapokutana na kahawa, wakarudi wakanawa mikono, na kesho yake kila mtu alikwenda kupalilia mahindi. Siku ya tatu maziwa yakajaa. Mama mkwe alinifunga kifua kwa khanga, akakaza kwa goti, huku machozi yanamtoka yeye.

Wiki ile ile mkunga alikuja nyumbani kwa miguu. Hakulazimika. Alinipima presha, akakandakanda tumbo, akakaa jikoni kwenye kigoda kile kile. Alikuwa na daftari la shule. Akasema ataitwa kwenye kikao cha wilaya kueleza kifo cha mtoto, ndiyo taratibu, na alitaka kuwa na uhakika.

"Nikumbushe tu," alisema. "Ulianza saa ngapi?"

Hapo hapakuwa na gari wala kisu. Mtoto alikuwa ameshazikwa. Mama mkwe alikuwa shambani, tulikuwa wawili tu. Nikasema saa kumi na moja alfajiri.

Uongo wa kwanza naweza kusema niliambiwa. Huu wa pili ulikuwa wangu mwenyewe.

Sikujua kilichosemwa kwenye kikao. Niliyajua yaliyosemwa kwetu. Kisimani walisema nesi alikuwa anachezea simu. Wakasema alichelewa kuita gari kwa sababu ya uvivu. Wanawake wawili wa mtaa wetu, mimba zao zilipofika, walipita mlangoni kwake wakaenda kuzalia Mlowo. Mmoja aliniambia, akidhani ananifariji, kwamba amefanya hivyo kwa ajili yangu. Nilimshukuru.

Baada ya mwaka nikahamia Tunduma kwa mume wangu. Nilikuwa nauza nyanya na vitunguu karibu na mpaka. Wanawake wa upande wa pili wanaokuja kununua humwita mwanamke yeyote bamayo, yaani mama, na mimi niligeuka kila nilipoitwa, kwa sababu nyumbani hakuna aliyekuwa ananiita hivyo. Mimba ya pili ilipoingia nilianza kliniki kule kule. Nesi alifungua kadi mpya.

"Mimba ya ngapi?"

"Ya pili."

"Walio hai?"

"Hakuna."

Akaniangalia kwa huruma, akauliza ule uchungu wa kwanza ulichukua muda gani. Nikasema kuanzia alfajiri mpaka saa nane mchana. Akahesabu, akaandika: saa tisa. Akatikisa kichwa, akasema kwa saa chache hivyo mtoto kwenda, hii safari uzalie hospitali, usikubali pengine. Nilitoka na ile kadi mkononi. Uongo ulikuwa sasa umeandikwa mahali pawili, na huu wa pili nilikuwa nautembeza mwenyewe kwenye mkoba, na watu waliokuwa wananitunza walikuwa wanauamini.

Mama mkwe alipiga simu kuomba nikapumzike kwake miezi ya mwisho, halafu ndiyo niende hospitali wiki mbili kabla. Mume wangu aliona ni sawa. Mimi nilijiambia naenda kwa ajili ya hewa na ugali wa nyumbani. Lakini nilijua nani yuko Ihanda.

Nilipita kwenye geti la zahanati mara mbili nikageuka. Mara ya tatu aliniona. Alikuwa amezeeka kuliko miaka mitatu. Alifurahi, akanisalimia kama ndugu, akaniuliza mtoto anacheza vizuri, akasoma kadi yangu yote, na aliposoma pale kwenye saa tisa kidole chake kilisimama kidogo. Akasema Jumatatu niondoke kwenda hospitali, nisikae siku zaidi. Nikasema sawa, Sista. Nikaondoka na maneno yangu.

Ijumaa, kabla ya Jumatatu hiyo, nilikuwa nimekaa nje kwenye mkeka nachambua maharage. Ilikuwa saa mbili kasorobo. Maumivu yalikuja chini ya mgongo, yakazunguka mbele, yakakaa, yakaondoka. Nikasubiri. Yakarudi. Mama mkwe aliniona nilivyoacha kuchambua.

"Ingia ndani kwanza," alisema. "Bado mapema. Asijue mtu."

"Mama, mimi nakwenda."

"Utakwendaje mchana kweupe, watu wote wako barabarani?"

"Ndiyo. Watanishika mkono nikianguka."

Sijawahi kumjibu hivyo kabla wala baada. Niliingia ndani, nikachukua beseni langu, nikaliweka kichwani. Nilipofika barabarani nilimsikia nyuma yangu anafunga mlango kwa haraka. Alinifikia, akaninyang'anya beseni, akaliweka kichwani kwake.

Watu kweli walikuwa barabarani. Fundi cherehani, mwanamke mnene anayekaa kwenye kibaraza cha duka, aliona beseni akasimamisha mashine.

"Unaenda kuzaa au unahama?"

"Kuzaa," nilisema.

Alikuwa anatania tu. Kisha akainuka, sindano bado imo mdomoni, akatoka kusimamisha pikipiki kwa nguvu kama mgambo, akamwambia dereva aende taratibu, huyo anayembeba si gunia la mahindi. Mama mkwe akabaki nyuma na beseni. Alivyosimama katikati ya watu wote waliokuwa wanamwuliza habari, alionekana kama mtu aliyevuliwa khanga hadharani.

Mkunga alikuwa anaandika kwenye daftari la chanjo. Aliponiona nashuka aliacha kila kitu. Kitandani alinipima, akashangaa, akasema njia imeshafunguka sana, tukikupakia kwenye gari utazalia njiani. Alipiga simu hata hivyo, gari lije lisimame hapo. Alinisikiliza tumbo kwa kile kipembe, macho yamefumba. Kisha akachukua karatasi yenye miraba, akafungua kalamu.

"Umeanza lini?"

"Leo saa mbili kasorobo. Nilikuwa nachambua maharage."

"Chupa?"

"Bado."

Akaandika. Na mimi nilijua kwamba nisiposema kabla maumivu mengine hayajaja, sitasema tena.

"Sista. Ile mara ya kwanza nilikudanganya. Haikuwa alfajiri. Ilikuwa Jumapili saa nne, kanisani. Na chupa ilipasuka Jumatatu mchana, na maji yalikuwa machafu."

Kalamu ilisimama.

"Jumapili ipi?"

"Ile kabla ya ile Jumanne."

Aliifunga kalamu. Akaiweka mfukoni. Akatoka.

Nilibaki naangalia dari. Maumivu yakaja nikayapokea peke yangu, nikawaza kwamba ameondoka, na kwamba ni haki yake kuondoka. Nilisikia maji yanamwagika kwenye karai, kwa muda mrefu. Akarudi, mikono yake imelowa mpaka kwenye viwiko, macho mekundu, akachukua kipembe na kukiweka tumboni.

"Mapigo mazuri," alisema. "Lala ubavu wa kushoto."

Tangu hapo aliniambia tu ya kazi. Vuta pumzi. Usisukume bado. Sasa sukuma. Sauti yake haikuwa kali, haikuwa laini pia. Hakunisugua mgongo kama mara ya kwanza, na sikutegemea. Lakini kila nilipofungua macho alikuwa pale pale, hakuondoka tena hata hatua moja.

Mtoto wa kiume alizaliwa kabla ya saa sita. Alilia kabla hajatoka wote. Mkunga alimweka kifuani kwangu na kutufunika, akakaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, akamtazama mtoto akilia kwa muda mrefu, kana kwamba anataka kusikia mpaka mwisho.

Mama mkwe aliingia na beseni. Aliona sura zetu, akajua nimesema. Aliliweka beseni chini taratibu.

"Maneno yale yalikuwa ya kwangu," alisema. "Mimi ndiye niliyempa pale getini."

Mkunga alianza kukunja mashuka.

"Kutoka saa kumi na moja mpaka saa nane," alisema, bado anakunja. "Nimeihesabu ile siku miaka mitatu. Naanza saa kumi na moja, nakwenda nusu saa, nusu saa, natafuta ni wapi nililala. Sipaoni. Narudia tena." Akasimama na shuka mkononi. "Kumbe nilikuwa natafuta kwenye siku ambayo siyo."

Nilisema nisamehe, Sista. Nilisema kwa sauti. Mama mkwe naye akasema, akainama akagusa goti moja chini kama wanavyosalimia wanawake wa huku. Mkunga akasema inuka, mama, sakafu ina maji. Kuhusu kusamehe hakusema lolote, siku ile wala baadaye, na sikuuliza. Sijui kama mtoto wangu angekuwa hai kama ningesema Jumapili. Mimi si daktari. Najua tu kwamba yule mwanamke alipewa hesabu isiyo sahihi, akaulizwa kwa nini jibu lake ni baya.

Alimpima mtoto. Kilo tatu na nukta moja. Akaomba kadi yangu. Aliandika yote ya mtoto, saa, uzito, kulia, kisha akarudi nyuma mpaka ukurasa wa uzazi uliopita, pale nesi wa Tunduma alipoandika saa tisa.

"Jumapili saa nne asubuhi," alisema. "Una uhakika?"

"Nina uhakika. Ilikuwa wakati wa sadaka."

Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza bila sauti. Akapiga mstari mmoja juu ya saa tisa, ulionyooka, maandishi ya chini bado yanasomeka. Pembeni akaandika: saa hamsini na mbili. Akatia sahihi yake.

Nje kulikuwa na sauti za wanawake, na mtu anagonga mlango. Mkunga alinipa kadi, akaniambia nisogee kitanda cha dirishani, hiki kinahitajika. Akanishika kiwiko mpaka nikalala, akamwekea mtoto khanga vizuri shingoni, kisha akaenda kufungua.